Nyaya Saba za Tela

Miaka ile, pale Makambako, simu ilikuwa kitu cha kufungiwa. Tajiri niliyemfanyia kazi alikuwa amechongesha sanduku la mninga, akaiweka simu ndani, akatia kufuli, na sanduku lenyewe likakaa chumba cha nyuma, karibu na mkeka wake wa kuswalia. Hakuwa bahili. Alikuwa na malori yaliyokwenda Songea, Tunduma na Dar es Salaam, na madereva wake walimpigia kutoka kila kona: gurudumu limepasuka, mzigo umezuiwa mizani, utingo amekimbia. Alisema simu ikikaa mbele dukani kila mteja atakuwa na mjomba wa kusalimia. Kwa kuwa aliwahi kwenda Maka, wote tulimwita Hajji, hata Wabena Wakatoliki waliotoka Njombe na magunia yao ya viazi.

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilikuwa nimeshauza dagaa wa usipa Manda, ziwani, na nimeandikisha wakulima wa alizeti Wanging'ombe, na kote huko nilikaa miezi tu kabla ya kufunga begi. Makambako nilishuka kwenye lori nikisubiri jingine. Ukutani palikuwa na tangazo la kutafuta mtu anayejua kupiga chapa, nikaingia kuuliza, na lori nililokuwa nalisubiri likapita. Nilikaa pale karibu miaka mitatu. Sijawahi kukaa mahali pengine muda mrefu hivyo.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka. Hajji hakujua hata kuwasha kompyuta, lakini alinunua moja, pamoja na mashine ya fotokopi na skana, kwa sababu ndugu yake aliyekuwa Dubai alimwambia kuwa biashara inayokuja ni barua pepe. Modemu aliipata Njombe, kwenye mradi mmoja wa misitu uliokuwa unafunga ofisi. Kwa asiyeikumbuka, modemu ndiyo iliyochukua maneno ya kompyuta na kuyageuza mlio ili yapite kwenye waya wa simu. Hii yetu ilikuwa kijisanduku cheusi chenye safu ya taa nyekundu mbele. Ilikuja bila waya wake na bila kijitabu cha maelezo.

Hapo ndipo sanduku la mninga lilipotuletea kazi. Modemu lazima ikae karibu na simu, na simu haitoki chumba cha nyuma. Kompyuta nayo haiwezi kuingia chumba cha nyuma, maana wateja wangeifuata hadi mkekani. Kwa hiyo modemu ikafungiwa sandukuni pamoja na simu, ukuta ukatobolewa, na kati ya modemu na kompyuta ukahitajika waya wa urefu wa hatua nane.

Fundi redio wa stendi, Mkinga mmoja mwembamba aliyependa kuzungumza na vitu alivyokuwa akivitengeneza, ndiye aliyeuunda. Plagi ya modemu ilikuwa na vijino ishirini na tano. Alivitazama, akacheka.

"Hizi mbwembwe tu," aliniambia. "Kuna wa kusema, wa kusikia na wa ardhini. Nyaya tatu. Hata redio ya polisi ni hivyo hivyo."

Alikuwa na waya wa kengele uliobaki mahali fulani, wenye nyuzi tatu, ukatosha kabisa. Akauchomelea kwa risasi, akafunga plagi, akaenda zake.

Kwenye programu ya kompyuta palikuwa na ukurasa wa udhibiti wa mtiririko. Uliuliza kompyuta na modemu ziambiane vipi mmoja anapotaka mwenzake apumzike kidogo kuleta maneno. Machaguo yalikuwa matatu. La kwanza, ziambiane kwa nyaya maalumu. La pili, ziambiane kwa alama iliyochomekwa ndani ya maneno yenyewe. La tatu, zisiambiane kitu. Nilijaribu la kwanza, hakuna kilichotoka. Nikarukia la tatu, na barua yangu ya kwanza ikaenda Dar es Salaam na jibu likarudi siku hiyo hiyo. Sikujiuliza kwa nini. Kwa mwaka mzima nilituma barua za maombi ya kazi, salamu za Dubai na orodha za vipuri, na watu walinitazama kama mtu aliyesoma zaidi ya nilivyosoma. Ule ukurasa sikuufungua tena.

Kisha akaja Sista, siku ya Jumanne.

Alikuwa muuguzi wa zahanati ya misheni nje ya mji wa Njombe, mwanamke mpana, mwenye viatu vya mvua. Alikuja mwenyewe akiendesha gari la misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni. Akamwona Hajji, akaongeza, "Na kwa wengine, habari za asubuhi."

"Wengine hatujambo, Sista. Umekuja kupiga chapa au kutubatiza?"

"Ukiwa tayari, maji ninayo kwenye gari."

Hajji alicheka, akamvutia kiti. Sista akatoa bahasha na kutoka ndani yake picha. Ilikuwa picha ya picha: mpiga picha wa Njombe alikuwa ameshikisha filamu ya eksirei kwenye kioo cha dirisha, akaipiga, akaisafisha kwenye karatasi. Ulionekana mfupa wa mguu chini ya goti, na ubavuni mwake wingu jeupe lililochanika pembeni.

Mguu ulikuwa wa mama mmoja mkulima wa kijiji cha Yakobi. Daktari wa upasuaji aliyekuwa akipita mkoani mara moja kwa mwezi alikuwa ameuona, akasema ni uvimbe mbaya wa mfupa, ukatwe juu ya goti. Angeondoka Jumamosi jioni. Akirudi mwezi ujao, alisema, ugonjwa utakuwa umeshapanda na huenda hakutakuwa tena na cha kukata. Mama alikuwa amekataa.

"Anataka nini?" Hajji akauliza.

"Anamtaka daktari wetu wa zamani. Yule mzee aliyerudi kwao Ulaya. Anasema, 'Yule alinizalisha watoto wote watano. Akisema ukatwe, ukatwe. Asiposema, nitazikwa na miguu yangu miwili.'"

Walikuwa wamejaribu kumtumia yule mzee picha kwa faksi ya parokia. Alikuwa amejibu kwamba kilichomfikia ni weusi mtupu, na kwamba huenda ni usaha wa zamani ndani ya mfupa, ambao hutibika bila kukata, lakini hawezi kusema lolote bila kuona. Watume kwa barua pepe. Ndipo Sista alipoelekezwa kwetu.

"Basi hapa umefika," nilimwambia. Nakumbuka nilivyosema kwa kujiamini.

Niliipitisha picha kwenye skana, nikaiambatanisha, nikapiga. Modemu ikalia kule nyuma ukutani, ikashika laini. Mstari wa kuonyesha maendeleo ukaanza kutambaa, ukafika kama robo, ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena, laini ikakatika. Nikarudia. Robo tena. Mara ya nne Sista aliacha kutazama kompyuta akawa ananitazama mimi.

"Ni laini za simu," nilisema.

"Barua zako zinapita kwenye laini gani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Nilifungua ule ukurasa nilioukimbia mwaka mzima, nikachagua la pili, la alama ndani ya maneno. Safari hii mstari ulifika mbali kidogo, kisha ukaganda. Haukurudi nyuma wala laini haikukatika. Modemu ilikaa kimya na taa zake zikiwaka, kama mtu aliyeambiwa asubiri na aliyemwambia akasahau. Nikakata, nikapiga tena, ikaganda pale pale.

Nilimwambia Sista ukweli: kosa liko kwetu, silijui, na kijitabu cha modemu huenda bado kiko Njombe kwenye ofisi ilikonunuliwa. Alisimama, akafunga bahasha.

"Panda gari," alisema.

Hajji alinipa sweta lake, maana langu lilikuwa chumbani na Njombe mwezi ule ukungu ulikuwa hauondoki hadi saa nne. Kabla ya kunishusha, Sista alinipitisha kwanza Yakobi. Alisema nisiishike picha tu, nimjue mwenye mguu.

Tulimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juu ya gogo, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na uso mkavu na macho ya kucheka. Nikamwamkia, "Kamwene, mama," akaitikia, akanikagua.

"Ndiye huyu mwenye simu ya picha?"

"Ndiye," Sista akasema.

"Mbona sweta limemzidi?"

Alifunua kitenge hadi gotini bila mimi kuomba. Chini ya goti palikuwa na nundu iliyong'aa, ngozi imevutika. Akaigonga kwa kidole kama anayegonga mlango.

"Huu nimetembea nao hadi Makambako na mzigo kichwani, wewe hujazaliwa," alisema. "Sasa mgeni wa siku mbili aje aseme uondoke. Simjui, hanijui. Hata jina langu alilisoma kwenye karatasi."

"Amesomea, mama," nilisema.

"Simkatai kusoma. Mwambie mzee wangu auone. Akiuona nitasikia."

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya misheni. Asubuhi nikaenda kwenye ofisi ya ule mradi wa misitu. Ilikuwa imebaki stoo moja na mtunza stoo mmoja, mzee aliyevaa koti la mradi, anayefagia vyumba visivyo na kitu.

"Mradi umeondoka," aliniambia. "Mimi sijaambiwa niondoke."

Alikuwa na kumbukumbu ya kila kitu kilichopita pale. Kijitabu alikitoa chini ya rundo la ramani kabla sijamaliza kueleza. Nikamwuliza waya wake. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Waya wa modemu, ule wa kiwandani, alikuwa ameukata vipande vitatu, akafungia mlango wa banda la kuku.

"Ulikuwa imara sana," alisema.

Nilirudi Makambako juu ya lori la mbao, nimejibanza nyuma ya keba ya dereva, kijitabu mapajani. Kiingereza chake kilikuwa kigumu na nilirudia kila sentensi mara mbili, lakini tulipofika njia panda nilikuwa nimeelewa. Ilikuwa kama mashine ya kusaga. Kompyuta ndiyo inayomimina mahindi juu, modemu ndiyo jiwe, na waya wa simu ndio mfuko wa kupokea unga. Kompyuta inamimina haraka kuliko jiwe linavyosaga. Ikiwa hakuna wa kupaza sauti "subiri", mahindi yanafurika na kumwagika. Barua fupi ni kisadolin kimoja, kopo moja la kupimia, jiwe linakimeza chote kabla hakijafurika, ndiyo maana mwaka mzima sikuona kosa. Picha ni gunia. Na nilipochagua zipeane alama ndani ya maneno, picha yenyewe ilikuwa na alama kama ile katikati yake, kwa bahati tu, kwa hiyo modemu ilisikia "subiri" ambayo hakuna aliyeisema, ikatii.

Zilihitajika nyaya za pekee za kupaza sauti hiyo, mbili, na nyingine mbili, moja kwa kila upande, za kumjulisha mwenzake kwamba yuko hai. Ukizijumlisha na zile tatu za fundi, zinakuwa saba. Chaguo la kwanza nililolikimbia ndilo lililokuwa sahihi. Lilikataa kufanya kazi kwa sababu fundi alikuwa ameacha nyaya zake nje, na mimi nikaona kwamba lililokubali ndilo zuri.

Fundi nilimkuta kwenye meza yake stendi. Nikamwonyesha mchoro. Aliutazama sana, akafuata kila kijino kwa ncha ya bisibisi.

"Kumbe na hawa wa pembeni wana kazi," aliiambia karatasi. Kisha akaniambia mimi, "Waya wa kengele sina tena. Madukani kuna waya wa nyumba tu, shaba ngumu, utavunja vijino hivi. Vipande vya redio ninavyo, lakini nikiviunga-unga njia nzima vitaokota kelele zote za mji."

"Nyaya saba laini, hatua nane, kipande kimoja," nilisema. "Nani anao?"

Akainua kichwa, akatazama ng'ambo ya barabara, uani kwa Hajji. Lori lilikuwa limeegeshwa na tela lake, limeshapakiwa bidhaa za Songea, na kati ya kichwa na tela ulining'inia waya mweusi mnene. Nilijua kilichokuwa ndani yake, maana nilishawahi kumsaidia utingo kuushika: indiketa ya kushoto, ya kulia, breki, taa za nyuma, na nyingine, kila moja na rangi yake. Saba.

Hajji alitusikiliza akiwa amesimama. Lori lilitakiwa kuondoka Alhamisi alfajiri.

"Hamwezi kuiingiza kompyuta ndani, mkatumia kipande kifupi?" aliuliza, na kwa yeye kusema hivyo tu nilijua amekwisha kutikisika.

"Hata kifupi hatuna, Hajji," fundi alijibu.

"Na mkiutoa huu wa tela, lori litakwenda vipi?"

Sote tulijua. Mdogo wake Hajji alikuwa amefia kwenye milima ya njia ya Songea akiendesha lori ambalo tela lake halikuwa na taa za nyuma. Aliyekuwa akimfuata hakumwona. Tangu siku hiyo Hajji alikagua taa za tela kwa mkono wake kila lori lilipoondoka, akimwamuru dereva akanyage breki huku yeye amechutama nyuma.

"Lori halitembei bila taa," alisema.

"Ndiyo, Hajji."

Alizunguka tela mara moja, akashika waya, akauachia.

"Basi likae. Mwenye bidhaa nitamwambia mimi. Atanitukana, nimeshatukanwa." Akamgeukia fundi. "Ukiukata vibaya, wewe ndiye utakayekwenda Songea nyuma ya tela umeshika kandili."

Fundi alifanya kazi jioni ile na Alhamisi asubuhi yote. Nyaya za tela zilikuwa nene kwa vile vijino, ikabidi apunguze nyuzi kwa wembe, moja moja, huku akizisemesha. Alipomaliza, waya ule ulipita ukutani kama nyoka aliyemeza kitu. Nilifungua ule ukurasa, nikachagua la kwanza. Tukasubiri saa saba mchana, maofisi yanapokwenda kula na laini za simu zinapopata nafasi.

Hajji alifungua kufuli, akainua mfuniko wa sanduku, akachuchumaa mbele ya modemu. Kijitabu kilisema taa moja ingezima kila modemu iliposema "subiri". Nilimwonyesha ni ipi, nikarudi mbele, nikapiga.

Mlio. Laini ikashika. Mstari ukaanza.

"Imewaka," Hajji akasema kutoka nyuma ya ukuta. Kisha, "Imezima." Kisha, "Imewaka."

Mstari ulikuwa ukisita kila aliposema imezima, na ukiendelea kila aliposema imewaka. Ulifika robo. Fundi aliacha kuzungumza. Ulipita robo. Mteja mmoja aliingia kutaka fotokopi, fundi akamwonyesha kiti kwa kidevu, akakaa. Hajji aliendelea na sauti ile ile, bila haraka, kama anayehesabu magunia yanayopakiwa, imezima, imewaka, kwa zaidi ya nusu saa, mpaka mstari ulipofika mwisho na kompyuta ikaandika kwamba ujumbe umekwenda.

"Mbona imenyamaza?" Hajji akauliza.

"Imefika, Hajji."

Alitoka akijishika magoti. "Na mimi nusura nikose adhuhuri," alisema, akaenda kutawadha.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Nililisoma peke yangu, dukani, kabla hata sijafungua dirisha la mbele. Kwa siku tatu nilikuwa nimejiaminisha kwamba picha ikifika mguu utapona. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliweka tu ule uwezekano wa usaha moyoni na kuufanya ahadi, kwa sababu ya jasho lote lile.

Nilichapisha karatasi, nikampa Hajji. Alisoma polepole, akanirudishia.

"Lori linapita Njombe," alisema. "Fundi anaurudisha waya sasa hivi. Nenda nalo."

Alikagua taa za tela mwenyewe, kama kawaida, kisha tukaondoka. Dereva alisimamisha lori barabarani, Yakobi, akaniambia nisiharakishe. Gari la misheni lilikuwa limeshafika. Hajji alikuwa amempigia Sista. Mama alikuwa amekaa pale pale jikoni, mkwewe akiwa pembeni. Sista alinyoosha mkono apokee karatasi.

"Hapana," mama alisema. "Asome huyo aliyeileta. Wewe, Sista, utanisomea unachokitaka."

Sista hakukasirika. Alirudi nyuma, akaegemea ukuta.

Nilisoma. Yule mzee alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kizuri kuliko nilivyotarajia:

"Mama yangu, sasa nimeuona mguu wako vizuri. Nimeutazama jana jioni na nimeutazama tena leo alfajiri. Nilitumaini ni usaha wa zamani. Si usaha. Ni ugonjwa unaopanda, na yule daktari kijana ameuona sawasawa. Ningekuwa hapo ningeukata mwenyewe, juu ya goti, kesho hiyo hiyo, halafu ningekwenda kulia. Nakumbuka ulivyonitukana nilipokukataza kulima siku ya tatu baada ya mtoto wa mwisho. Nitukane tena, lakini ukubali."

Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Amesema angelia?" mama aliuliza.

"Amesema."

"Muongo. Yule halii." Akafunika mguu kwa kitenge. "Lakini matusi aliyatukanwa kweli. Hayo hakuna mwingine anayeyajua, tulikuwa wawili chumbani. Rudia pale aliposema yule kijana ameuona sawasawa."

Nikarudia.

"Kesho ni Jumamosi," alisema.

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Samahani, mama," nikaongeza, na sikujua ninaomba samahani ya nini.

"Ya nini? Wewe ulitakiwa ulete jibu, umeleta." Akamgeukia mkwewe, akasema naye Kibena, maneno machache. Mkwe akainuka, akaweka sufuria ya maji motoni, akaleta beseni na kipande cha sabuni. Sista alinigusa bega, tukatoka nje.

Tulisimama uani kwenye baridi, mimi na yeye, tukiyasikia maji. Mama alikuwa akiuosha ule mguu. Alichukua muda. Mara moja tulimsikia akimwambia mkwe abadilishe maji, haya yamepoa. Sista aliyatazama mashamba, mimi nikaitazama karatasi iliyokuwa bado mkononi mwangu. Kule barabarani dereva hakupiga honi.

Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani, amejifunga kitenge kipya, amemwegemea mkwe. Alikataa kubebwa hadi garini. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yote miwili, akisimama kila hatua chache, na sote tukaenda kwa mwendo wake.

Mguu ulikatwa Jumamosi ile, akapona. Niliondoka Makambako mwaka na nusu baadaye, kwenda Songea na kisha kwingine, na nilipopita Njombe mara ya mwisho nikaenda kumsalimu. Alikuwa bustanini kwake, amekaa juu ya gunia, anapalilia kabichi kwa jembe lililokatwa mpini, akimaliza sehemu moja anajisukuma kwa mikono hadi nyingine. Magongo yalikuwa yamelala mtaroni, mbali.

"Umeoa?" aliniuliza kabla sijafika.

"Bado, mama."

"Unasubiri nani akuandikie?" alisema, akanionyesha mstari wa kabichi uliokuwa haujapaliliwa na mahali jembe jingine lilipowekwa.